Adabu ya Salamu: Aanzaye na Apokeaye

Salamu ni maneno machache, na aghalabu hayachukui hata dakika moja. Walakini hakuna mji wala kijiji kisichokuwa na habari ya watu wawili walioacha kusemezana kwa ajili ya salamu iliyopotea njiani. Yule aliyepitwa husema, "Fulani amenidharau." Yule aliyepita husema, "Mbona yeye hakuanza?" Kila mmoja hungojea haki yake, na siku zaenda. Kwa hiyo yafaa watu wazima kwa vijana wajue maana ya maneno haya, nani apasaye kuanza, na apokeaye ana kazi gani. Somo hili laeleza mambo hayo, hasa kwa desturi za watu wa pwani ya Kenya, ambako maneno mengi ya salamu za Kiswahili yalikuzwa, kisha latazama kidogo desturi za jirani zao.

MAANA YA MANENO YENYEWE

Watu wengi husema "Hujambo?" bila kufikiri wanauliza nini. Neno jambo hapa maana yake ni neno zito, yaani shida au tatizo, na ile hu ya mwanzo ni ya kukanusha. Basi aulizaye "Hujambo?" ni kama asemaye, "Huna jambo lililokupata?" Naye ajibuye "Sijambo" asema, "Sina jambo." Wakiwa wengi huulizwa "Hamjambo?" nao hujibu "Hatujambo." Asiyekuwapo pia haachwi: "Mama hajambo?" "Hajambo." "Watoto hawajambo?" "Hawajambo." Hata mgonjwa aliyeanza kupata nafuu husemwa kwamba "hajambo kidogo," kana kwamba lile jambo limemwachia sehemu tu ya mwili wake.

Ndiyo maana neno "Jambo" peke yake halikamiliki. Limekatwa kichwa, na kile kilichokuwa kikikanushwa kimebaki wazi. Hata hivyo limekuwa salamu ya wageni, na wimbo "Jambo Bwana" wa kundi la Them Mushrooms, uliotoka mwaka 1982, ulilipeleka mbali sana duniani. Mgeni akisema hivyo hapana ubaya, maana amejitahidi, naye hujibiwa "Jambo" kwa uso mkunjufu. Lakini mwenyeji anayemwambia hivyo mzee wa Lamu au wa Mombasa hataonekana amelelewa vizuri.

Maneno mengine yametoka katika Kiarabu. "Sabalkheri" ni kutakiana heri ya asubuhi, na "Masalkheri" ni heri ya jioni. "Assalamu alaykum" ni kumtakia mtu amani, na jibu lake ni "Wa alaykumu ssalaam," yaani, na iwe juu yenu pia. Yafaa kukumbuka kwamba maneno haya yako katika wingi hata kama anayesalimiwa ni mtu mmoja tu.

Liko kisha neno "Shikamoo." Kwa ukamilifu wake lilikuwa "nashika moo," yaani, nashika miguu yako. Ni neno la mtu anayejishusha mbele ya aliyemtangulia kuliona jua. Jibu lake ni "Marahaba," neno la Kiarabu la kukaribisha. Maana yake katika salamu hii ni kwamba heshima yako imefika, nami nimeipokea kwa furaha.

Wapo wasemao kwamba neno hili ni la utumwa na kwamba lifaa kuachwa. Ni kweli kwamba zamani watumwa walilitumia kwa mabwana zao. Lakini wana waungwana walilitumia pia kwa baba zao, mama zao na walimu wao wa chuoni. Utumwa ulifutwa kwa sheria huko Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kama "Shikamoo" ingalikuwa mnyororo, ingalikatika siku hizo pamoja na minyororo mingine. Haikukatika, kwa kuwa watu huru waliendelea kuitoa kwa hiari yao. Wahenga wamesema kwa maneno mafupi: heshima si utumwa. Kinachotofautisha mambo hayo mawili ni kwamba utumwa hudaiwa kwa nguvu, na heshima hutolewa kwa moyo.

NANI AANZE?

Kanuni ya kwanza ni ya umri. Mdogo humwanza mkubwa. Mtoto aamkapo huwatafuta wazazi wake na kuwaamkia, kisha bibi na babu kama wamo nyumbani, kisha kaka na dada zake wakubwa. Katika nyumba nyingi za pwani mtoto hubusu pia mkono wa mzee. Hangoji kuitwa. Mtoto akiulizwa, "Je, umeshamwamkia babu yako?" basi amekwisha chelewa.

Kanuni ya pili ni ya mwendo. Dini ya Kiislamu imefundisha kwamba aliyepanda mnyama humsalimu aendaye kwa miguu, aendaye kwa miguu humsalimu aliyeketi, na wachache huwasalimu wengi. Kanuni hii ina hekima kubwa. Aliye juu ya mnyama, na leo aliye ndani ya gari, anaweza kujiona amewapita wenziwe, kwa hiyo yeye ndiye aliyeamriwa kuanza. Naye afikaye penye baraza amewakuta wenyewe wametulia. Ni juu yake kuwaonyesha kwamba amekuja kwa amani.

Kanuni ya tatu ni ya ujamaa, na hapa ndipo vijana wengi wanapojikwaa. Katika ukoo mkubwa mtu aweza kuwa na mjomba aliye mdogo wake kwa miaka, au mama mdogo waliyecheza naye utotoni. Cheo cha ujamaa hakifutwi na umri, wala umri haufutwi na ujamaa. Watu wenye adabu hupatana katika jambo hili bila mashindano: mwenye miaka mingi humwita mwenziwe "mjomba," na yule mjomba kijana naye humwanza mkubwa wake kwa salamu. Kila mmoja amempa mwenziwe kitu, na hakuna aliyepungukiwa.

Ziko nyakati ambazo salamu hupunguzwa au huachwa. Anayesali hasumbuliwi. Penye msiba hapaulizwi habari kwa sauti ya uchangamfu. Husemwa "Poleni" kwa sauti ya chini, na mkono hutolewa kimya. Mtu aliye kazini huambiwa "Pole na kazi," na aliyetoka safari "Pole na safari," kwa maana jasho lake limeonekana. Baina ya babu na mjukuu kuna mzaha. Babu humwita mjukuu wake "mke wangu," na mjukuu humjibu kwa kumcheka uzee wake. Mzaha huo nao una mipaka yake, maana huja baada ya "Shikamoo," wala haukai mahali pake.

KUPOKEA NI KAZI PIA

Mafunzo mengi ya adabu huwaelekea watoto tu, kana kwamba wakubwa wamekwisha hitimu. Lakini salamu ina ncha mbili, na ncha ya pili imo mkononi mwa mkubwa. Mzee aitikiaye "Marahaba" huku macho yake yakitazama kwingine, au anyoshaye mkono kama mtu apokeaye kodi, amevunja adabu ile ile anayowadai vijana.

Katika Kurani, sura ya Nisaa, waumini wamefundishwa kwamba wakiamkiwa kwa maamkio yoyote, waitikie kwa yaliyo bora zaidi au angalau yaliyo sawa nayo. Wanazuoni wameeleza kwamba kuanza salamu ni jambo la sunna, ila kuijibu ni wajibu. Kwa hiyo mzigo wa apokeaye ni mzito kuliko wa aanzaye. Katika Injili ya Mathayo, Yesu aliwakemea wakuu wa dini waliopenda kusalimiwa masokoni, na mahali pengine aliwauliza wafuasi wake wana sifa gani ikiwa wawasalimuo ni ndugu zao tu. Basi dini zote mbili zimegusa kidonda kile kile: kungojea salamu kama deni, na kuihesabu.

Mzee wa pwani aliye mwungwana huijaza salamu. Kijana asemapo "Shikamoo," mzee hujibu "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Kijana husema "Sijambo." Mzee huendelea: "Wazee hawajambo nyumbani?" "Hawajambo, wanakusalimu." Mtoto hurudi kwao akiwa amebeba salamu za mzee, na kwa hiyo nyumba mbili zimeonana ingawa ni mmoja tu aliyetembea. Ndivyo salamu zilivyofanya kazi ya barua katika siku ambazo barua zilikuwa chache, na hata barua zenyewe za pwani zilianza kwa salamu ndefu na dua kabla ya kufika penye shauri.

Mgeni asiyeijua desturi hii hushangaa kuona mtu aliyefiwa akiulizwa "Habari za huko?" naye akajibu "Njema," kisha baada ya kitambo akasema kwamba ndugu yake amekufa. Huo si uongo. "Njema" ya kwanza ni ya kuweka amani baina ya wawili wale, ili habari nzito ipate mahali pa kukaa. Mtu hupewa kwanza kiti, ndipo apewe mzigo.

HODI

Adabu ya mlangoni ni ndugu ya adabu ya salamu. Mwenye kufika husimama nje, asielekeze macho ndani, akasema "Hodi!" Asipojibiwa hungoja kidogo, akarudia, na mara ya tatu isipopata jibu huenda zake. Kurani katika sura ya Nuru imekataza kuingia nyumba za watu pasipo kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe, tena imesema kwamba mtu akiambiwa arudi, na arudi. Hapa ndipo unyenyekevu unapopimwa. Kubisha hodi ni rahisi. Kurudi bila kinyongo ndiyo kazi. Mwenye nyumba aweza kuwa na mgonjwa, au hana cha kumpa mgeni, au mna jambo la siri. Abishaye hodi hana haki ya kujua sababu.

Zamani Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858 ili kumwachia mafunzo ya maisha. Alikuwa mgonjwa, naye alijua huenda asiishi muda mrefu. Kati ya mambo aliyomwusia tangu mwanzo ni dini, adabu na ulimi mwema. Mama aliyekuwa na saa chache za kufundisha hakuona kwamba adabu ni jambo dogo la kuachwa hadi mwisho.

MAJIRANI NA DESTURI ZAO

Ugomvi mwingine huzaliwa si kwa dharau bali kwa kutojua. Mtoto wa Kimaasai huinamisha kichwa mbele ya mzee, na mzee humwekea mkono utosini. Asiyejua akimpa mtoto huyo mkono, atamwona ameinama na kudhani ana haya. Buganda wanawake na wasichana hupiga magoti wanaposalimu, na salamu ya asubuhi huuliza jinsi mtu alivyolala. Waluhya hutakiana "Mulembe," yaani amani, na Warundi husema "Amahoro," ambalo pia ni neno la amani. Wakalenjin husema "Chamgei." Katika sehemu nyingi mtu ampapo mkubwa mkono wa kulia, huushika mkono huo kwa wa kushoto, kuonyesha kwamba hakuficha kitu na kwamba amemkabili kwa nafsi yake yote.

"Shikamoo" nayo haina nguvu sawa kila mahali. Tanzania imeenea bara na pwani, na kijana wa Kenya avukaye mpaka kwenda Tanga au Arusha akaiacha, huenda akahesabiwa mjeuri. Lakini katika bara la Kenya wazee wengi hawaingojei, nao huridhika na "Hujambo, mzee" au "Habari yako, mama" kwa sauti ya heshima. Mwanamke Mwislamu naye huenda asipende kushikana mkono na mwanamume asiye jamaa yake. Aliyenyosha mkono akaona haukupokewa, na auweke kifuani pake, wala asione kwamba amefukuzwa. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, watu wa dini na makabila yote walilazimika kuacha kupeana mikono kwa muda. Wazee hawakukosa heshima kwa ajili hiyo. Ilionekana wazi kwamba heshima haikai kiganjani.

Kwa hiyo ajuaye mengi na avumilie mengi. Mwenye kwenda ugenini hujifunza desturi ya huko, na mwenyeji humsamehe mgeni asiyeijua. Wote wawili wakishika upande wao, hakuna aibu itakayotokea.

PENYE CHEO NA PENYE MEZA

Jambo gumu zaidi ni pale umri na cheo vinapokutana. Karani kijana ameketi nyuma ya meza, na mbele yake amesimama mzee wa miaka 70 aliyekuja kutafuta cheti cha shamba. Karani aweza kufikiri kwamba mwenye haja ndiye aanze. Mzee aweza kufikiri kwamba mwenye umri mdogo ndiye aanze. Wakinyamaza wote wawili, shauri la shamba litaanza kwa uchungu, na neno dogo litakaloulizwa baadaye litasikika kama tusi. Mzee aweza hata kurudi nyumbani bila cheti, akaapa kwamba hatakanyaga tena pale. Na shamba lisilo na cheti ni fitina kwa watoto wake.

Karani akisema, "Shikamoo, mzee. Karibu, keti," cheo chake hakikupungua hata kidogo. Meza ni ile ile, muhuri ni ule ule, na sheria haikubadilika. Kama cheti hakipatikani siku ile, mzee atakubali kuambiwa hivyo na mtu aliyemheshimu kwanza. Naye mzee akimkuta karani ana kazi nyingi, ameinamia vitabu vyake, akaanza yeye kwa kusema, "Hujambo, mwanangu, pole na kazi," uzee wake haukushuka. Bali amemfundisha yule kijana pasipo kumwaibisha. Ndivyo ilivyo pia kwa mwalimu kijana na mzazi mkubwa, na kwa askari na msafiri barabarani.

Vijana wana maneno yao wenyewe kwa wenyewe: "Mambo?" "Poa." "Sasa?" "Niaje?" Maneno haya hayana kosa yakibaki baina ya marika. Kosa ni kuyapeleka kwa mtu asiye rika, kama vile mtu angeingia arusini na nguo za kulimia. Nguo za kulimia ni nzuri, lakini mahali pake ni shambani.

SIKU TATU

Lililo zito kuliko yote ni salamu iliyokatwa kwa makusudi. Ndugu wawili wamegombana juu ya mpaka, au mahari, au mali ya marehemu baba yao. Wakutanapo njiani kila mmoja hugeuza uso. Watoto wao huona, nao hujifunza kwamba wana wa ami yao ni watu wa kupitwa kimya. Baada ya miaka michache sababu yenyewe imesahauliwa, au imekuwa ndogo, lakini kile kimya kimekua.

Mtume Muhammad alifundisha kwamba si halali Mwislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu akageuka huku na yule akageuka kule, na kwamba aliye bora kati yao ni yule atakayeanza salamu. Mafundisho haya yamepanga mambo kwa hekima. Hayakukana kwamba mtu ana hasira, maana yamempa siku tatu za kupoa. Tena hayakusema kwamba aanze mwenye makosa, kwa kuwa hapo kila mmoja angesema si yeye. Yamesema tu kwamba aanzaye ni bora. Kwa njia hiyo yule aliyedhani kwamba kuanza ni kushindwa, ameambiwa kwamba kuanza ndiko kushinda.

Itakuwaje kama ameanza, na yule mwingine hakuitikia? Hili huwaogopesha wengi. Lakini aliyesalimu amekwisha timiza lake, na deni limehamia kwa mwenziwe. Na asalimu tena kesho, kwa sauti ile ile, bila kuongeza neno la kumchoma. Asiwaendee watu barazani kusema, "Mmeona? Nimemsalimu akanyamaza," kwa maana salamu iliyotolewa ili kupata mashahidi si salamu, ni mashtaka. Tena asitazamie kwamba neno moja litaleta mashamba na mali mahali pake. Mashauri hayo yana wazee wake na mahakama zake. Salamu hufungua mlango tu, lakini pasipo mlango hakuna shauri linaloweza kuingia.

Basi unyenyekevu katika salamu una sehemu mbili. Mdogo hunyenyekea kwa kuanza bila kungoja kuitwa. Mkubwa hunyenyekea kwa kupokea vizuri, na kwa kuanza yeye pale mdogo aliposahau. Atakayeshika sehemu yake bila kuhesabu sehemu ya mwenziwe atakuwa na amani moyoni, na aghalabu atakuwa na amani nyumbani pia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Neno "Hujambo" lina sehemu gani, na kila sehemu ina maana gani?

2. Kwa nini aliyepanda mnyama au gari ndiye apasaye kumwanza aendaye kwa miguu?

3. Mtu asemaye kwamba "Shikamoo" ni neno la utumwa ajibiweje kwa upole?

4. Ikiwa mwenyeji hakuitikia hodi mara tatu, mgeni afanye nini, na moyo wake uweje?

5. Katika mtaa au kijiji cha wasomaji wapo ndugu wasiosalimiana? Ni nani awezaye kuanza, na asemeje siku ya kwanza?